Kwa Nini Risasi Huyeyuka Jikoni

Tarehe 9 Julai 1776, watu wa New York waliiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza iliyosimama Bowling Green. Ilikuwa sanamu ya risasi iliyopakwa dhahabu, na ilikuwa haijatimiza miaka sita tangu izinduliwe. Sehemu kubwa ya vipande vyake ilipelekwa Litchfield, mji mdogo wa Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru la Marekani. Huko wanawake na watoto waliviyeyusha na kusubu gololi za bunduki. Hesabu yao imehifadhiwa mpaka leo: jumla 42,088. Ruth Marvin alitengeneza 11,592. Mary Ann, binti wa Wolcott, 10,790. Mdogo wake Frederick, mtoto wa miaka 8, alitengeneza 936.

Tazama kinachokosekana katika habari hii. Hakuna mhunzi, hakuna mvukuto, hakuna tanuru la kiwanda. Familia moja na majirani wake waliugeuza mnara wa mfalme kuwa shehena ya vita kwa moto wa kawaida wa nyumbani. Sanamu ile ingekuwa ya shaba au ya chuma, Frederick asingetengeneza gololi hata moja.

Kazi ile haijakoma. Marekani ya leo wapo watu wengi wanaosubu vichwa vya risasi kwa mikono, katika gereji na vibanda vya nyuma ya nyumba, kwa sababu ni nafuu, kwa sababu bunduki ya kale wanayoitunza ina mtutu wa kipimo kisichouzwa tena dukani, au kwa sababu tu wanaipenda kazi. Kwenye pwani yetu mvuvi anayejitengenezea chubwi za mshipi hufanya jambo lile lile, ila umbo ndilo tofauti. Katika makala haya nikisema risasi namaanisha metali, ile ambayo wanakemia huiandika Pb. Kile kinachoruka kutoka kwenye mtutu nitakiita kichwa.

Swali langu ni moja: kwa nini iwe risasi? Nitalijibu kuanzia chini kabisa, kwenye atomu, kwa sababu jibu linalopatikana huko halielezi kazi hii peke yake. Linaeleza pia kwa nini kazi hii huumiza watu.

Tuanze na kuyeyuka kwenyewe. Ndani ya metali ngumu atomu zimejipanga kwa safu, kila moja mahali pake, lakini hazitulii. Zinatikisika papo hapo zilipo, na mtikisiko huo ndio tunaouita joto. Ukiongeza moto, mtikisiko unakua. Inafika hatua mtikisiko unazidi uwezo wa atomu kushikiliana mahali pamoja, safu zinavunjika, atomu zinaanza kupishana, na metali inatiririka. Kwa hiyo halijoto ya kuyeyukia inatuonyesha atomu zimeshikana kwa nguvu kiasi gani. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi. Shaba nyekundu 1,085. Alumini 660. Zinki 420. Risasi ni 327 tu, na makaa mekundu ya jiko lolote yanapita hapo bila kupulizwa sana.

Basi atomu za risasi zimeshikana kwa ulegevu. Kwa nini? Atomu za metali hushikana kwa kuchangia elektroni zao za nje. Risasi ina elektroni nne za nje, sawa na kaboni iliyo juu yake katika safu ile ile ya jedwali la elementi. Kaboni ikijipanga kama almasi hutoa zote nne, na almasi ni miongoni mwa vitu vigumu kuliko vyote tunavyovijua. Ungetarajia risasi nayo iwe ngumu. Lakini mbili kati ya elektroni zake nne hazishiriki. Zimevutwa karibu mno na kiini, na kuchangia hazichangii.

Sababu ya kuvutwa huko ni ya kustaajabisha. Kiini cha atomu ya risasi kina protoni 82. Nguvu ya mvuto wake ni kubwa kiasi kwamba elektroni zilizo ndani kabisa huenda kwa karibu asilimia 60 ya mwendo wa mwanga. Kwa mwendo wa namna hiyo sheria za Newton hazitoshi tena, na inabidi tuingie katika nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein. Nadharia hiyo inasema kitu kinachokaribia mwendo wa mwanga hujiendesha kama kilichoongezeka uzito, na elektroni iliyoongezeka uzito huzunguka karibu zaidi na kiini. Athari hiyo inafika hadi nje, kwenye ile jozi ya elektroni mbili, nayo inasogezwa ndani. Zinabaki mbili tu za kushikia. Mshiko wa mbili ni dhaifu, na ndiyo maana risasi ni laini hata ukucha unaikwaruza, na ni mojawapo ya sababu inayeyuka kwa moto mdogo.

Mwaka 2011 watafiti wa Sweden na Finland walikokotoa athari hii katika betri ya gari, ambayo nayo ni ya risasi. Chemba moja ya betri hutoa takriban volti 2.1. Walikuta kwamba volti 1.7 hadi 1.8 kati ya hizo zinatokana na uhusianifu wa Einstein. Gari linapowaka asubuhi, sehemu kubwa ya umeme unaozungusha stata inatoka kwenye elektroni hizi zinazokimbia. Naomba uikumbuke ile jozi iliyosogezwa ndani, maana tutaikuta tena, na mara hiyo haitatufurahisha.

Halijoto ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kiasi cha moto. Mwaka 1819 Wafaransa Pierre Dulong na Alexis Petit waligundua kanuni nyepesi: atomu za metali, ziwe kubwa au ndogo, kila moja hudai karibu kiasi kile kile cha joto ili kupanda nyuzi moja. Sasa atomu ya risasi ni nzito karibu mara 3.7 ya atomu ya chuma. Katika kilo moja ya risasi, basi, atomu ni chache, na wadai wa joto ni wachache. Piga hesabu. Kuitoa kilo ya risasi kutoka nyuzi 27 hadi 327 kunahitaji takriban kilojouli 39. Kuivunja ile safu ya atomu, yaani kuiyeyusha ikiwa tayari imefika 327, ni kilojouli 23 zaidi. Jumla 62. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kutoka nyuzi zile zile 27 kunahitaji takriban kilojouli 305. Kwa moto wa sufuria moja ya chai unaweza kuyeyusha karibu kilo tano za risasi.

Hapo ndipo siri ya Litchfield ilipo. Moto wa kupikia ulikuwa unatosha na kubaki.

Sasa tusogee kwenye chungu chenyewe. Msubuji wa Marekani kwa kawaida hutumia chungu cha chuma cha umeme chenye kidhibiti joto, na malighafi yake maarufu kwa miaka mingi imekuwa vile vipande vidogo ambavyo mafundi tairi hubandika ukingoni mwa rimu wakati wa kubalansi. Vikiyeyuka, vishikizo vyake vya chuma hupanda juu na kuelea, jambo linalomshangaza anayeliona kwa mara ya kwanza. Lakini msongamano wa chuma ni gramu 7.9 kwa sentimita moja ya ujazo, na wa risasi iliyoyeyuka ni gramu 10.7, kwa hiyo chuma hakina budi kuelea. Huchotwa kwa upawa na kutupwa. Vipande vya zinki vinavyofanana navyo lazima vichambuliwe mapema, kwa sababu zinki ikizidi ndani ya chungu mchanganyiko unakuwa mzito na hauingii vizuri kwenye kalibu.

Uso wa risasi iliyoyeyuka karibuni hung'aa kama kioo. Ukitazama kwa muda utaona rangi ikibadilika: manjano hafifu, kisha dhahabu, kisha zambarau na buluu. Rangi hizo si za metali. Ni utando mwembamba wa oksaidi, yaani risasi iliyoungana na oksijeni ya hewa, na mwanga unacheza ndani yake sawa na unavyocheza kwenye mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya maji. Utando ukinenepa unakuwa unga wa kijivu au wa manjano unaokusanyika juu. Asiyejua huuchota na kuutupa wote. Anayejua hudondosha kipande cha nta au vumbi la mbao na kukoroga. Nta inaungua, kaboni yake inaipokonya oksaidi ile oksijeni na kuondoka nayo kama hewa ya ukaa, na kinachobaki ni metali inayorudi chunguni. Ndiyo kanuni ile ile ambayo wafua chuma wa Afrika wameitumia kwa karne nyingi kupata chuma kutoka kwenye mawe yake kwa mkaa, na hapa iko kwenye chungu cha lita moja.

Halafu inakuja kalibu, na hapa ndipo ufundi unapopimwa. Kalibu ni bamba mbili za alumini au chuma zinazofungwa pamoja, ndani yake umechongwa uwazi wenye umbo la kichwa pamoja na mifereji myembamba inayokizunguka. Risasi inamiminwa kwa tundu la juu. Anayeanza hukutana na jambo lile lile kila mara: vichwa vya mwanzo hutoka na makunyanzi, na kingo za mifereji yake ni za mviringo badala ya kuwa kali. Kichwa kibaya na kichwa kizuri vimetoka chungu kimoja. Tofauti ni ipi?

Tofauti ya kwanza ni joto la kalibu. Kichwa cha gramu 10 kikimiminwa kwenye nyuzi 400 kina akiba ndogo mno ya joto kabla ya kuganda: jouli 330 hivi. Kiasi hicho kingepandisha gramu 10 za maji kwa nyuzi 8 tu. Metali isiyodai joto jingi kuyeyuka ndiyo hiyo hiyo isiyo na joto la kutosha kujitetea inapogusa kitu baridi. Kalibu baridi huinyang'anya joto papo hapo, ngozi yake inaganda kabla tumbo halijajaa, na makunyanzi ni alama ya mahali mikondo miwili ya metali ilipokutana ikashindwa kuungana. Dawa yake ni kuipasha kalibu moto kwanza, kisha kwenda kwa mwendo usiobadilika. Kalibu ikizidi joto nayo inasema: vichwa vinatoka vikiwa na ngozi ya kijivu yenye ukungu, kwa kuwa metali imeganda polepole na fuwele zake zimepata muda wa kukua.

Tofauti ya pili ni mvutano wa uso. Atomu iliyo katikati ya kimiminiko huvutwa na jirani zake pande zote. Iliyo juu ya uso haina jirani upande wa nje, kwa hiyo inavutwa ndani, na kimiminiko kizima hujaribu kupunguza uso wake. Umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo ule ule ni mpira. Ndiyo sababu tone la maji kwenye jani la mgimbi hujikunja likawa shanga. Mvutano wa uso wa risasi iliyoyeyuka ni karibu mara sita ya ule wa maji, na juu yake ipo ngozi ya oksaidi inayouimarisha. Metali hiyo haipendi kuingia kwenye pembe kali. Ukiiacha ijiamulie, itakuwa mpira.

William Watts wa Bristol, Uingereza, aliigeuza tabia hiyo kuwa mali. Mwaka 1782 alipata hataza ya kutengeneza marisau kwa kuimwaga risasi kwenye chujio kutoka juu ya mnara. Matone yakianguka hujivuta yakawa duara, yanaganda njiani, na yanapokelewa na maji chini. Hakuna kalibu hata moja. Mnara wa Phoenix wa Baltimore, uliojengwa mwaka 1828 kwa kazi hiyo hiyo, una urefu wa karibu mita 71 na bado umesimama. Binafsi naona ni mojawapo ya majengo yenye akili kuliko yote, kwa sababu mashine yake ni anguko tupu.

Lakini msubuji wa vichwa hataki mpira, anataka pembe. Kwa hiyo huongeza stani, metali ile wanayoitumia mafundi wa redio ndani ya waya wa kulehemu. Asilimia 2 tu ya stani inatosha kulegeza ule uso na ngozi yake ya oksaidi, na mara mifereji inajaa hadi kwenye kingo.

Baada ya kumimina, usiyaondoe macho kwenye ile ziada ndogo inayobaki juu ya tundu. Kwanza inang'aa. Sekunde chache baadaye mng'ao unakufa ghafla, na katikati yake panatokea kishimo. Kishimo hicho kinaeleza mengi. Maji ni karibu ya pekee katika kutanuka yanapoganda. Risasi hufanya kama vitu vingi vingine, husinyaa, kwa karibu asilimia 3.5 ya ujazo wake. Nafasi inayoachwa ndani ya kalibu lazima ijazwe na kitu, na ile ziada ya juu ndiyo inayoteremka kuijaza. Ukimimina kidogo bila kuacha ziada, pengo litabaki ndani ya kichwa, na kitu chenye pengo upande mmoja kikizunguka angani huyumba. Baada ya kuganda kinaendelea kusinyaa kinapopoa: kichwa cha kipenyo cha milimita 9 hupungua karibu milimita 0.08 kufikia joto la chumba. Kwa hiyo kalibu ikifunguliwa chenyewe kinaachia na kudondoka.

Ulaini wa risasi ni faida na ni tatizo. Mfaransa Claude-Étienne Minié aliutumia mwaka 1849 alipotengeneza kichwa chenye shimo kitakoni. Gesi ya baruti ilikitanua kikabana kwenye mifereji ya mtutu, kikazunguka na kwenda mbali na sawasawa, na vita vya miaka iliyofuata vikaua watu wengi zaidi kwa sababu hiyo. Lakini baruti zilipopata nguvu, risasi tupu ilianza kukwanguka na kuacha metali ndani ya mtutu. Mswisi Eduard Rubin akaivika koti la shaba mwaka 1882. Koti la shaba halisubiwi nyumbani, kwa hiyo msubuji amebaki na njia moja, kuifanya risasi yenyewe iwe ngumu kwa kuichanganya.

Kipimo cha ugumu cha Brinell huipa risasi safi takriban 5. Ukiweka stani sehemu 5 na antimoni sehemu 5 kwenye risasi sehemu 90 unapata karibu 15. Sababu ni ya kimaumbile. Metali hupinda pale safu moja ya atomu inapoteleza juu ya nyingine, na atomu za ukubwa tofauti au vifuwele vigumu vilivyozama ndani huzuia utelezi huo. Mchanganyiko mgumu zaidi waliouthamini Wamarekani ulitoka magazetini. Mashine ya Linotype ya Ottmar Mergenthaler, iliyoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilisubu mistari ya herufi kwa risasi 84, antimoni 12 na stani 4. Ugumu wake ni 22, na huyeyuka karibu na nyuzi 240. Chini ya risasi yenyewe! Ni kanuni ya mchanganyiko: atomu za aina tofauti husumbuana katika kupanga safu, na safu iliyosumbuliwa huvunjika mapema. Ndiyo maana waya wa kulehemu wa stani 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, ilhali stani peke yake inataka 232. New York Times waliacha mashine hizo Julai 1978, magazeti mengine yakafanya hivyo hivyo, na metali ya wachapaji ikaishia mikononi mwa wasubuji.

Hatari zipo mbili. Ya kwanza ina kelele. Tone moja la maji likizama chini ya uso wa risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600 kwa kufumba na kufumbua, na chungu kinarusha metali ya nyuzi 400 usoni kwa mtu. Kipande chenye unyevu, jasho la paji la uso, tone la mvua, vyote vinatosha. Wasubuji wanaijua hatari hii na wanaiogopa, na ni haki yao.

Ya pili haina kelele, na ndiyo iliyonifanya niandike. Utasikia hoja hii: risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, chungu changu ni nyuzi 400, kwa hiyo hakuna mvuke wa maana, kwa hiyo hakuna sumu. Sehemu ya kwanza ya hoja ni kweli. Hitimisho ni uongo. Sumu haiko kwenye mvuke, iko kwenye ule unga wa oksaidi uliochotwa juu ya chungu. Ni laini kama poda. Unakaa viganjani, kwenye shati, kwenye sakafu, kwenye mkono wa mlango. Kutoka hapo unaingia mdomoni na chapati.

Ukishaingia mwilini, ile jozi ya elektroni tuliyoiacha nyuma inarudi. Risasi ikiyeyuka katika majimaji ya tumbo hutoa elektroni zake mbili zilizo huru tu, na zile mbili zilizosogezwa ndani inabaki nazo. Inakuwa ioni yenye chaji mbili chanya, na ukubwa usioachana sana na ule wa ioni ya kalsiamu. Kalsiamu nayo ina chaji mbili chanya. Mwili haukuwahi kuumbiwa njia ya kuzitofautisha. Milango inayoingiza kalsiamu inaipokea risasi, ubongo unaotumia kalsiamu kupitisha ishara kati ya neva unapokea ishara za uongo, na mifupa inaihifadhi kama ingehifadhi kalsiamu. Katika damu kiwango chake hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi. Katika mifupa hukaa miongo ya miaka, na mama anapobeba mimba, mifupa yake ikitoa kalsiamu kumjenga mtoto, hutoa na risasi. Kwa hiyo kile kile kinachoilegeza risasi ikubali kuyeyuka kwenye jiko la nyumbani ndicho kinachoipa sura ya kalsiamu ndani ya mwili.

Mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja ya kumi ya risasi anayoimeza. Mtoto mdogo anaweza kufyonza nusu, na mtoto ndiye anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nikifikiria zile gololi 936 za Frederick, simfikirii kama shujaa mdogo wa mapinduzi. Nafikiria vidole vyake. Na hata ndege wanadhurika: kondori wa California walikaribia kutoweka, na chembe za vichwa vya risasi katika mizoga wanayoila ni miongoni mwa wauaji wao wakuu, hadi jimbo hilo likapiga marufuku risasi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019.

Huku kwetu mlango mkubwa wa sumu hii si uwindaji. Ni betri kuukuu za magari. Msubuji wa Marekani mwenye uzoefu huikwepa betri, kwa kuwa ndani yake mna tindikali, salfeti na oksaidi nyingi kuliko metali, na taka zake zikichanganyika na aloi zenye antimoni au aseniki kisha zikapata unyevu zinaweza kutoa gesi za kuua. Wengi wetu hatuna uchaguzi huo, maana betri ndiyo risasi inayopatikana. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na uchakataji wa betri uani na udongo uliojaa mabaki yake. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kiliwatia sumu wakazi waliokizunguka. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliwaongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesubu chubwi za mishipi yako, na wewe unayeyeyusha betri ili uuze risasi kwa kilo, nakuomba haya. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na mbali na kisima, upepo ukiwa unatoka mgongoni kwako. Sufuria na upawa vilivyoshika risasi visirudi kupikia kamwe, hata vikisuguliwa mpaka ving'ae. Ule unga wa juu uuchote ukiwa umetulia, uufungie kwenye kopo lenye kifuniko, usiufagie wala kuumwaga uani. Betri usiipasue, iuze nzima kwa mchakataji mwenye leseni. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na kama umeshayeyusha risasi nyumbani kwako na una mtoto wa chini ya miaka sita, mpeleke hospitali ya mkoa au ya rufaa uombe apimwe risasi katika damu, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu dalili zake huchelewa na madhara kwenye ubongo hayatanguliwi na maumivu.